Joe Morgan, mlezi wa Pawtucket

Joe Morgan wa Walpole, Massachusetts (si yule nyota wa Cincinnati mwenye jina hilohilo) alikuwa meneja wa timu za ligi ndogo za besiboli Marekani kwa misimu 16. Alianza mwaka 1966 chini ya klabu ya Pittsburgh, kisha akakaa Pawtucket, Rhode Island, kuanzia 1974 hadi 1982. Majira ya baridi aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani.

Ugumu wa kazi hii hauonekani kwenye msimamo wa ligi. Pawtucket ilikuwa timu ya kulea ya Boston Red Sox, yaani ya kuwaandaa vijana kwa ajili ya timu hiyo kubwa. Mpigaji akishika moto, Boston wanamchukua, na meneja anapanga kikosi cha kesho bila yeye. Hana la kukataa, kwa sababu kumpandisha kijana yule ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, ndio wanaompa meneja presha zaidi, maana mrushaji akishatolewa harudi mchezoni. Mechi ya kawaida ina awamu 9 (katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga), na ikiwa sare huongezwa awamu. Usiku wa 18 Aprili 1981, Pawtucket na Rochester walifikisha awamu 32 wakiwa 2-2. Kanuni ya kusimamisha mechi usiku ilikuwa imeachwa nje ya kitabu cha waamuzi mwaka ule, basi mchezo ukaendelea hadi saa 10:07 alfajiri, kwenye baridi kali, mbele ya mashabiki 19. Pawtucket walikuwa wametumia warushaji saba. Wa saba, Bruce Hurst, alibeba awamu tano peke yake. Morgan mwenyewe alitolewa na mwamuzi awamu ya 22, akaendelea kuchungulia kupitia tundu nyuma ya uwanja. Juni 23 mechi ilimaliziwa kwa dakika 18, Pawtucket wakashinda 3-2.

Boston walimkabidhi timu kubwa Julai 1988, akiwa na miaka 57. Alishinda mechi 12 za kwanza mfululizo. Katikati ya mbio hizo akamtoa mpigaji nyota wa Boston, Jim Rice, akamwingiza Spike Owen apige badala yake. Rice alimvuta Morgan, wakashikana kwenye njia ya kwenda vyumbani. Morgan akarudi benchi akatangaza kuwa yeye ndiye meneja wa timu hii, na Rice akafungiwa mechi tatu. Rice huyohuyo alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1974, akiwa Pawtucket, chini ya Morgan.