Oili ni Oili

Tangu Jumamosi sentensi moja ya fundi wa magari, "oili ni oili," imeganda kichwani mwangu, na hata rundo la madaftari ya kidato cha tatu halijaweza kuiondoa. Aliitamka huku akipangusa mikono kwa kitambaa, bila ukali wowote, kwa ule upole ambao mtu mzima humwelewesha nao mtoto, na nadhani upole huo ndio ulionikera. Angenifokea ningemjibu papo hapo na mambo yangeishia pale karakanani.

Mnaoijua Hilux ya Baba Neema, ile ya mwaka 1994 aliyoiongezea jani la springi alipoanza kubeba kabichi, mnakumbuka kwamba breki zake za nyuma zilianza kusumbua wakati wa masika. Ukishuka mlima wa Usambara kutoka Soni kuelekea Mombo bila mzigo na kugusa breki kidogo tu, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linang'ang'ania ghafla na mkia wa gari kuyumba. Ukiwa umepakia, breki hiyohiyo ulikuwa huioni kabisa, na hendibreki ilipanda hadi mwisho wake pasipo kushika chochote. Karakana ilikwisha kubadilisha viatu vya breki, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani ili gurudumu lisimame, na silinda ndogo ya gurudumu inayovisukuma kwa mafuta ya breki, nasi tukalipa vyote. Muda si mrefu viatu vile vipya vikawa vyeusi, vimelowa na kung'aa kama vile vilivyotupwa.

Safari hii nilitaka gurudumu lifunguliwe nikiwa nimesimama hapo. Magurudumu ya mbele yaliwekewa mawe, hendibreki ikaachiwa, gari likainuliwa kwa jeki na kukalishwa kwenye stendi. Dramu ilikataa kutoka, kama ilivyo kawaida ya dramu iliyokaa, lakini waliotengeneza Toyota waliacha matundu mawili yenye hesi usoni mwake, na ukiingiza humo bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, dramu hujisukuma yenyewe mpaka ikaachia. Nilimwomba kijana asipulize vumbi kwa kompresa, kwa sababu viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake halifai kuingia kifuani mwa mtu yeyote. Akalipangusa kwa kitambaa kibichi.

Ndani, oili ilikuwa imetapakaa kwenye bamba linaloshika viatu. Niliinua kwa bisibisi ndogo mipira miwili inayofunika ncha za silinda, na chini yake kulikuwa kukavu kabisa. Chupa ya mafuta ya breki kule mbele haikuwa imepungua hata kidogo. Oili yenyewe ilikuwa nzito, na ilinuka salfa, ile harufu iliyo jirani ya yai viza, ambayo mtu aliyewahi kubadilisha oili ya difu, yaani ya gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, hawezi kuisahau. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kemia na siachi mambo yaende kwa harufu tu, niliomba kikombe cha maji na kudondosha tone. Mafuta ya breki ya DOT 3 huyeyuka ndani ya maji. Tone hili lilikaa juu, likatanda na kutoa rangi za upinde wa mvua.

"Fundi, hii ni oili ya difu," nikasema. "Silinda ni nzima."

"Mama Mwalimu, oili ni oili. Kiatu kikilowa kimelowa."

"Sasa inatoka wapi?"

"Inatoka kwenye gari."

Vijana wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, jambo ambalo bado linaniudhi nikilikumbuka, na baadaye usiku niliyarudia maneno hayo kitandani nikiyajibu kwa namna mbalimbali. Jibu moja lilikuwa refu lenye mifano. Jingine lilikuwa swali: kama oili ni oili, mbona hupikii chapati kwa ile ya difu? Nililipenda sana hilo la chapati, ila lilikuja saa saba za usiku, na fundi hakuwepo.

Ili nisimwonee, nusu ya kauli yake ni kweli. Kiatu kilichonywa oili hakifai tena, na wanaokiosha kwa petroli au kukichoma moto kisha kukipiga msasa wanajidanganya, kwa sababu joto la kwanza la mteremko huitoa tena oili iliyojificha ndani. Kubadilisha viatu lilikuwa jambo la lazima. Lakini kubadilisha viatu bila kuuliza oili inatoka wapi ni kununua viatu vingine kwa ajili ya mwezi ujao, na silinda tuliyonunua haikuwa na kosa lolote.



Jumatatu nilirudi karakanani baada ya vipindi. Fundi mkuu alikuwa amekwenda kuchukua vipuri, na aliyebaki ni yule kijana wa kitambaa kibichi, ambaye nilimfundisha, akakaa dawati la nyuma miaka minne na kuondoka na F ya kemia. Aliniamkia, akasita, kisha akasema: "Mwalimu, samahani. Sili ya ndani ya ekseli, ule mpira unaozuia oili ya difu isifike kwenye breki, tuliiweka mpya mwaka jana. Hii oili inasukumwa na nini?"

Sikumbuki lini mara ya mwisho mwanafunzi aliniuliza swali lililonifurahisha hivyo. Tulifungua kwanza nati ya kujazia difu: oili ilikuwa sawasawa na mdomo wa tundu, kwa hiyo haikuzidishwa. Nikamuuliza hewa iliyofungiwa hufanyaje ikipata moto. Hakujibu, akaingia uvunguni. Juu ya nyumba ya ekseli pana kikofia kidogo cha chuma ambacho difu hupumulia, nacho hutakiwa kuzunguka kikiguswa kwa kidole. Hiki kilikuwa kimezibwa na udongo mwekundu uliokauka, pengine tangu tulipokwama kwenye tope wakati wa masika. Difu ikipata moto, hewa hutanuka, na ikikosa pa kutokea hujipenyeza palipo na udhaifu, yaani kwenye midomo ya sili, ikisukuma oili mbele yake hadi ndani ya dramu. "Kumbe!" alisema kutoka uvunguni, na hilo lilinitosha kwa muhula mzima.

Kikofia kilioshwa kwa dizeli mpaka kikazunguka. Ekseli ilivutwa kwa kufungua nati nne, sili ya ndani ikabadilishwa, viatu vipya vikafungwa pande zote mbili, upepo ukatolewa kwenye mabomba ya breki kwa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi. Kisha kijana akavuta na kuachia hendibreki mara nyingi mpaka mlio wa kirekebishaji kinachosogeza viatu karibu na dramu ukakoma. Dramu ilipimwa kwa fundi wa kuchonga vyuma ikaonekana kipenyo chake cha ndani ni milimita 296, na kikomo kilichoandikwa juu yake ni 297. Imebakiza maisha mafupi. Fundi mkuu aliporudi alitazama kile kikofia, akasema vizuri, akaandika bili. Sikusema lolote.

Alhamisi nilishuka nayo hadi Mombo ikiwa na kabichi, gia ya pili, na nilipofika niliweka kiganja karibu na dramu zote mbili: joto lilikuwa moja. Lile jani la springi bado linanitia shaka, maana huinua bodi na kuidanganya vali inayopima mzigo, ikadhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu, lakini hilo ni la Baba Neema na nitamwachia yeye.

Neema naye ameanza kuinamisha kichwa upande mmoja anaposoma, jicho la kulia akiwa amelifumba, na mwalimu wake wa darasa ananiambia ni mazoea tu, yataisha.