Masharti

Leo nimefungua daftari langu la Athens la mwaka 2015, nikitafuta tarehe moja tu ya kuweka kwenye barua ya maombi ya kazi. Nimelisoma mpaka chai ikapoa.

Ugiriki ilikuwa imelemewa na madeni. Benki zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 29 Juni, na mtu hakuruhusiwa kutoa zaidi ya euro 60 kwa siku. Noti za 20 zilipokwisha, mashine nyingi zikawa zinatoa 50 tu. Mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alipokea noti yake moja, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nimeyaandika hayo kwa penseli, mwandiko umepinda.

Karibu kila ninapokwenda kwenye usaili naulizwa: kwa nini uchumi wa kisiasa wa Ulaya, kwa nini usitafiti kwenu? Swali hili huniuma. Wazungu wangapi wamejenga maisha yao kwa kututafiti sisi, na nani amewauliza?

Nilikulia Tanga. Neno "masharti" nililisikia nyumbani kabla sijaijua vizuri jedwali la kuzidisha. Tanzania ilikubali masharti ya mkopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na nilipokuwa darasa la tatu baba akapunguzwa kazi kiwandani. Karatasi ya mafao yake ilikaa kwenye droo ya kabati, tukaijua kwa macho. Ndiyo maana mama mmoja mstaafu wa Athens aliponionyesha hati ya pensheni yake, nilijua niangalie wapi hata kabla mkalimani hajafungua kinywa.

Lakini sisemi mambo ni yale yale, na hapo ndipo utafiti wangu wote ulipo. Kwetu shilingi ilishushwa thamani. Ugiriki iliingia kwenye euro mwaka 2001, haikuwa na sarafu yake ya kushusha, kwa hiyo vikashushwa mishahara na pensheni. Mkopo wa kwanza, wa Mei 2010, ulikuwa euro bilioni 110, na mkataba wa masharti yake Wagiriki waliuita *mnimonio*, neno walilolitamka kama sisi tulivyotamka masharti.

Sasa niko Ujerumani, mkataba wa nne, unaisha Septemba. Sheria ya hapa ya mwaka 2007 kwa kawaida inampa mtafiti miaka 6 ya mikataba ya muda kabla ya udaktari na 6 baada yake. Yangu inakaribia ukingoni. Usiku nahesabu miezi badala ya kulala.

Tarehe nimeipata: 5 Julai, siku Wagiriki walipopiga kura ya maoni kuhusu masharti ya wakopeshaji. Asilimia 61 walisema hapana, na wiki moja baadaye serikali yao ikakubali masharti.

Barua naituma kesho. Penye swali la kwa nini Ulaya, nimeifuta ile aya niliyozoea, nikaandika habari za baba na droo yake.