iPod classic ikiganda, usikimbilie kufuta kila kitu

Wengi wanachanganya kuiwasha upya na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kuiwasha upya hakufuti wimbo hata mmoja, kwa hiyo anza hapo: sukuma swichi ya Hold ijifunge, irudishe, kisha bonyeza Menu na kitufe cha katikati kwa pamoja, sekunde 6 hadi 8, mpaka nembo ya tofaa itokee. Ikigoma, ichaji kwanza. Betri iliyokwisha kabisa huonekana kama ubovu.

Bado inaganda? Sasa irudishe kama ilivyotoka kiwandani. Hakikisha nyimbo zako unazo kwingine, maana zote zitafutika. Ichomeke kwenye kompyuta, fungua iTunes (programu ya muziki ya Apple), au Finder (programu ya mafaili) kwa Mac zenye mfumo wa kuanzia Catalina ya 2019, chagua kifaa, bonyeza Restore. Tafadhali usichomoe waya katikati ya kazi. Kompyuta isipoiona iPod, iwashe iPod upya, na nembo ikitokea tu shikilia kitufe cha katikati pamoja na Play hadi kioo kiandike Disk Mode (hali ya diski), ndipo uichomeke tena.

Ukisikia diski ikigonga tik-tik na kazi inakatika kila mara, diski inakufa. Hiyo ni ya kubadilishwa.