Lithiamu si mnyonge

"Mwalimu, kama sodiamu inawaka majini, mbona chumvi tunaila?" Hili swali huja karibu kila ninapofundisha metali za alkali (lithiamu, sodiamu, potasiamu na ndugu zao) hapa Tanga, na nalipenda kuliko jibu lolote la kukariri. Atomu ya sodiamu ina elektroni moja tu kwenye ganda la nje, tena imeshikwa kwa ulegevu. Ikigusa maji huiachia. Haidrojeni hutoka ikitokota, na kinachobaki majini ni hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda ya watengeneza sabuni. Katika chumvi, na katika magadi tunayotia kwenye maharage, elektroni hiyo ilishaondoka zamani, kwa hiyo hakuna tena cha kugombania na maji.

Ndiyo maana chumvi ilijaa majikoni karne nyingi bila mtu kuiona sodiamu yenyewe, hadi 1807, mkemia Mwingereza Humphry Davy alipopitisha umeme kwenye potashi (hidroksidi ya potasiamu) iliyoyeyushwa huko London akapata potasiamu, na siku chache baadaye sodiamu.

Darasani nakata kipande cha metali kisichozidi punje ya choroko, nakifuta mafuta ya taa kinamohifadhiwa, nakitia kwenye beseni pana lenye maji na matone ya fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi kikikutana na hidroksidi. Sodiamu huelea, huyeyuka ikawa kitone cha duara kinachong'aa, kisha hukimbia huku na huku ikiacha njia ya rangi ya waridi. Potasiamu hushika moto papo hapo, mwali wake wa zambarau hafifu. Lithiamu hutoa mapovu taratibu, haiyeyuki kabisa.

Hapo wanafunzi huandika kwamba lithiamu ina nishati kidogo, na hapo ndipo ninaposimamisha somo. Kwa kila moli moja (kipimo cha wanakemia chenye idadi ileile ya atomu kwa kila metali), lithiamu ikimenyuka na maji hutoa takriban kilojuli 222 za joto. Potasiamu hutoa 196 hivi, sodiamu 184. Yule mpole ndiye mwenye joto jingi zaidi! Ioni ya lithiamu, yaani atomu iliyokwisha kupoteza elektroni yake, ni ndogo mno, molekuli za maji huing'ang'ania kwa nguvu, na kule kung'ang'aniwa ndiko kunakotoa joto hilo. Kinachoichelewesha ni mwanzo. Kuing'oa elektroni yake kunataka kilojuli 520 kwa moli, wakati potasiamu inataka 419 tu. Tena lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 181 za Selsiasi, sodiamu 98, potasiamu 63. Metali isiyoyeyuka haitandazi uso mpya haraka mbele ya maji. Kasi ya mmenyuko na kiasi cha joto ni mambo mawili, na mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, hata kama mtihani hautauliza.

Mlipuko nao una habari yake. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuwa ni haidrojeni inayoshika moto. Lakini gesi na mvuke vilipaswa kuitenga metali na maji, mmenyuko ukapoa. Mwaka 2015 kundi la mwanakemia Pavel Jungwirth la Prague lilidondosha aloi (mchanganyiko) ya majimaji ya sodiamu na potasiamu ndani ya maji na kuipiga picha kwa kamera ya kasi kubwa. Kabla hata ya milisekunde moja kupita, tone lilichomoza miiba pande zote. Elektroni zinakimbilia majini kwa wingi, chaji chanya zilizobaki kwenye metali zinasukumana, tone linajirarua, na maji yanapata uso mpya wa kushambulia. Nafurahi sana kuwaonyesha vijana kwamba jaribio la zamani namna hii bado lilikuwa na siri.

Walimu wenzangu, vaeni miwani ya kinga, na mtu yeyote asiinamie beseni, maana kitone cha mwisho hupenda kuruka. Potasiamu iliyokaa muda mrefu ikaota ganda la njano msiikate kwa kisu: ganda hilo likikandamizwa kwenye metali laini yenye mafuta linaweza kulipuka mkononi, hata bila tone la maji.