Hii Chupa ni ya Nani? Nilivyosimamia Usalama Kazini Chuoni

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, ya kioo cha kahawia, imesukumwa nyuma kabisa ya rafu ya chini kwenye stoo ya idara ya biolojia. Lebo ilikuwa imefifia lakini ilisomeka: asidi ya pikriki. Nilichutama nikamulika kwa tochi ya simu. Shingoni, pale kifuniko kinapokutana na kioo, palikuwa na ukoko wa chembechembe za manjano, mfano wa chumvi iliyokaukia kwenye ukingo wa sufuria. Ndani sikuona dalili ya maji.

Nilirudisha mkono taratibu. Asidi hiyo hutumika kutengeneza dawa ya kuhifadhi tishu kabla ya kuziangalia kwa hadubini, ndiyo maana ilikuwa biolojia. Ikiwa imelowa vizuri inatunzika. Ikikauka ni kilipuzi. Zamani ilijazwa ndani ya makombora ya mizinga. Kuzungusha tu kifuniko chenye chembe zile kunaweza kuilipua mkononi mwa mtu. Nikatoka, nikawaomba waliokuwa maabara ya jirani watoke pia, nikafunga mlango na kusimama pale mpaka wataalamu wa milipuko walipokuja kuiondoa.

Muda wote nilipokuwa pale mlangoni nilikuwa nauliza swali moja: hii chupa ni ya nani? Mkuu wa idara hakujua. Fundi sanifu wa maabara aliikuta siku alipoajiriwa. Mtunza stoo alidhani ni ya mhadhiri mmoja aliyekwisha kustaafu, au labda ya mwanafunzi wake wa uzamili. Hakuna aliyedanganya. Chuoni watu hupita na vitu hubaki. Kiwandani mashine ina mwendeshaji wake na zamu yake. Huku mwanafunzi huja na utafiti wake, huagiza kemikali, humaliza, huvaa joho, huondoka. Kemikali zake zinabaki rafuni.

Wakati huo nilikuwa na miezi michache tu kwenye kazi ya kuratibu usalama na afya mahali pa kazi, na jambo la kwanza nililokuwa nimefanya ni kusambaza fomu za tathmini ya vihatarishi kwa idara zote. Zilirudi zimejazwa vizuri mno. Nilipozisoma moja baada ya nyingine nikaona sentensi zilezile, zimenakiliwa hadi makosa ya tahajia. Kwenye safu ya "nani anahusika" karibu wote waliandika "idara". Fomu zilikuwepo, saini zilikuwepo, na ile chupa ilikuwepo vilevile.

Baada ya siku ile niliacha karatasi ofisini nikaanza kutembea, na nilianza na watu wa usafi kwa sababu wao huingia kila chumba. Mama mmoja aliyekuwa na kidole kimefungwa kitambaa alinipitisha jengo zima la kemia.

"Mwanangu, mimi maabara yenye vioo vilivyovunjika naijua kwa kunyanyua mfuko tu," aliniambia. "Ukiwa mzito upande mmoja, nauburuta, siubebi."

"Ulimwambia nani, mama?"

"Nimwambie nani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake kila maabara iliwekewa boksi gumu la vioo vilivyovunjika, na juu ya kila boksi tukabandika jina na simu ya mtu mmoja anayelimwaga. Jina la mtu, siyo la idara. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa kanuni yangu kwa kila kitu: mtungi wa gesi na mnyororo wake, kabati la kuvuta mvuke, kizimamoto, bomba la kuoshea macho.

Bomba la macho lilinifundisha sana. Mtu akirukiwa na asidi anatakiwa aoshe macho kwa maji yanayotiririka dakika 15, tena aanze ndani ya sekunde chache. Nilifungua la ghorofa ya pili likatema maji yenye kutu, mekundu kama chai ya rangi. Lilikuwa limewekwa, limekaguliwa, lina stika, ila hakuna aliyekuwa akilifungua. Sasa kila bomba lina mtu wa kulifungua kila wiki mpaka maji yawe meupe, na anaweka tarehe kwenye kadi iliyoning'inia hapohapo.

Stoo moja ilikuwa imepangwa kwa alfabeti, kwa unadhifu wa kupendeza kwa kweli. Kwenye herufi H, haidrazini ilikaa bega kwa bega na haidrojeni peroksaidi. Hizo mbili zikiwa kali na zikikutana huweza kuwaka bila kiberiti. Zimewahi kutumika pamoja kama fueli ya roketi. Tulitumia wiki mbili kupanga upya kwa tabia badala ya herufi: vioksidishaji, yaani kemikali zinazochochea moto, mbali na vinavyowaka, asidi mbali na besi, na asidi ya nitriki peke yake, hata mbali na asidi ya siki, ingawa zote mbili zinaitwa asidi.

Ugumu mkubwa ulikuwa kwa wakubwa. Nilipendekeza kwamba mwanafunzi au mtafiti anayeondoka asisainiwe fomu ya kuondoka mpaka akabidhi kemikali zake chupa kwa chupa, kama anavyorudisha vitabu vya maktaba. Profesa mmoja ninayemheshimu sana alikataa katakata.

"Wanafunzi wangu ni watu wazima," alisema. "Nami sikuajiriwa kuhesabu chupa."

Sikubishana naye mbele za watu. Nilimfuata ofisini nikamweleza habari ya Sheharbano Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Tarehe 29 Desemba 2008 alikuwa akihamisha kwa sirinji kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Sirinji ikaachia, moto ukashika sweta yake. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Ukaguzi wa ndani wa Oktoba 2008 ulikuwa umeshaona watu wa maabara ile wakifanya kazi bila makoti. Kasoro iliandikwa, haikurekebishwa. Baadaye chuo pamoja na profesa wake walifunguliwa mashtaka ya jinai.

"Profesa," nikamwambia, "ripoti walikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuibeba."

Alinyamaza kidogo, akaniomba nimwachie ile fomu. Wiki iliyofuata aliileta mwenyewe kwenye kikao cha kitivo, na ikapita.

Bado sijashinda kila mahali. Kazi za usiku za mtu mmoja mmoja zinaniumiza kichwa mpaka leo, na taarifa za ajali zilizokoswa, yaani zilizokaribia kutokea, huja kwa wingi tukizitangaza, kisha hupungua nikikaa kimya mwezi mmoja. Nimejifunza kupiga simu ya shukrani kwa kila anayetoa taarifa, siku ileile, kabla ya kumuuliza lolote kuhusu kosa ni la nani.

Muhula uliopita kijana mmoja wa uzamili alikuja kukabidhi. Alibeba kreti ya plastiki, chupa zimesimama wima, na karatasi ya orodha. Fundi sanifu alisoma, akalinganisha, akaweka alama. Mwishoni ikabaki chupa moja isiyo na lebo, kimiminika kisicho na rangi.

"Hii si yangu," kijana alisema. "Niliikuta kwenye kabati nilipoanza. Nimeona nisiiache."

Fundi sanifu akanitazama, kalamu iko juu ya safu ya mwenye mali. Nikamshukuru yule kijana, nikamwambia fundi aandike jina langu, nikaivalia glavu na kuipeleka mwenyewe kwenye kabati la taka za kusubiri vipimo.