Mahindi ya msaada na kikao cha bajeti

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo Januari na Februari ghala za kaya nyingi huwa tupu. Mfadhili aanze na hesabu: mtu mmoja anahitaji takriban gramu 400 za nafaka kwa siku. Kaya ya watu watano ni kilo 60 kwa mwezi, pamoja na kilo 9 za maharage. Mfuko wa kilo 25 unapendeza pichani, ila unaisha kabla ya wiki mbili.

Kagua unyevu wa mahindi kabla ya kupakia. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu Dodoma na Manyara, na hilo lisisahaulike. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Yaanikwe juu ya turubai, kamwe si ardhini. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, hivyo sampuli ipelekwe maabara.

Orodha ya walengwa isomwe hadharani kitongojini. Ikiandikwa ofisini, wazee wanaoishi peke yao ndio huachwa.

Halafu kuna sera, ambayo wafadhili wengi huikwepa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kumfuata mbunge mwezi Juni ni kuchelewa, kwa kuwa bajeti imeshapangwa. Ombi la ghala au lambo lianzie mkutano mkuu wa kijiji, lipite kamati ya maendeleo ya kata, ndipo lifike halmashauri, likiwa na muhtasari wa mkutano wenye sahihi na muhuri. Nauli na karatasi za safari hiyo zitengewe fungu kwenye fedha za msaada.