Madoa

Alinifuata kutoka soko la Mgandini, Tanga, mwaka 1996, nikiwa na kikapu cha bamia na nyanya kichwani. Nilikuwa na miaka 9. Mbwa wa Ngamiani nilikuwa nawajua: ukiinama tu, wanadhani unaokota jiwe, wanatimka. Nikaangusha bamia, nikainama kuiokota, na yeye akakaa chini akanitazama. Alikuwa jike, rangi ya kahawia na madoa meupe kifuani, mbavu zinahesabika. Shingoni palikuwa na kovu la kamba lililozunguka, na pale manyoya hayakuota tena. Aliwahi kuwa na mwenyewe, basi.

Nikampa jina Madoa kabla hata hatujafika nyumbani, na usiku ule nikamwomba Mungu niruhusiwe kukaa naye.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa sala, na mbwa hakuwahi kuvuka kizingiti chake. Kwa muda nikawa namlisha uchochoroni, nyuma ya ukuta wa ua: ukoko wa wali, vichwa vya samaki, ugali uliolala. Hakuwa na papara. Alisubiri niweke chini, nirudi nyuma, ndipo asogee. Bibi alikuwa anajua, maana ukoko wa sufuria yake ulikuwa unaisha kabla kuku hawajapewa, lakini alinyamaza.

Mambo yakaharibika siku Madoa alipoingia uani mlango ukiwa wazi, akalamba sufuria iliyokuwa inasubiri kuoshwa. Mama alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Bibi hakusema neno. Alikwenda chini ya mwarobaini akachota udongo mkavu, akauponda kwa kidole, akautia maji ukawa uji mzito, akausugua ndani ya sufuria, ukingoni, kwenye mshikio, kila mahali. Kisha akaanza kusuuza, huku anahesabu kwa sauti ili nisikie, mpaka saba zikatimia, ule wa udongo ukiwa mmojawapo. Aliiinamisha juani, akaniambia, "Mjukuu wangu, ukimtaka huyu, na haya utayataka kila siku. Utaweza?"

Nikasema nitaweza.

Baada ya sala ya isha wakubwa wakakaa barazani, nami nikaitwa. Mama alisema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Baba alikuwa mtu wa zahanati, na yeye hoja yake ilikuwa nyingine kabisa: kichaa cha mbwa. Alimwona mtu mzima, mwenye nguvu zake, akiletewa kikombe cha maji na koo likaanza kukaza na kutetemeka kabla hata maji hayajamfika mdomoni. Akasema ugonjwa ule ukishajitokeza hakuna dawa, mtu anazikwa. Kinga ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi papo hapo na kukimbilia sindano, na watoto ndio wanaoumwa zaidi kwa sababu ndio wanaochezea mbwa. Nilijua anasema kweli. Baba hakuwa mtu wa kutisha watoto.

Tena wiki ile gari la matangazo lilikuwa limepita mtaani na kipaza sauti: kila mwenye mbwa amfungie, watakaokutwa wanazurura watapigwa risasi. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Babu alikuwa amekuja kutoka Muheza kwa ajili ya dawa za macho. Hakuwa amesema kitu. Aliniuliza mimi, si wao. "Anauma?" Hapana, babu. "Anaiba?" Alilamba sufuria, babu, lakini kuku hajawagusa. "Ukimwita anakuja?" Anakuja. Aliuliza polepole, kama mzee wa baraza anayesikiliza kesi ya shamba, na kila jibu aliliacha likae kidogo. Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu mzima.

Kisha akamgeukia mama. "Mwanangu, unayosema ni sahihi, nyumbani hapa hawezi kukaa. Lakini mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa. Asiye hao ndiye anayempunguzia mtu thawabu zake. Na watu wa pangoni, katika Suratul Kahf, mbwa wao alikuwa nao, amenyoosha miguu kizingitini, na Mwenyezi Mungu akamtaja." Akaongeza kwamba ngedere wanamla machungwa na nguruwe wanafukua muhogo wake, naye amechoka kukesha anapiga debe. "Bwana mifugo amchome chanjo kwanza. Halafu nitakwenda naye."

Mimi nilikuwa nimetaka alale karibu na dirisha langu. Nilianza kulia, na babu akaniacha nilie mpaka mwisho.

Hiace hazikukubali kubeba mbwa. Tukapata lori lililokuwa linakwenda tupu Muheza kuchukua machungwa, kilomita 35 hivi. Madoa alifungwa kwa kamba ya katani, lakini babu aliipitisha kifuani na chini ya mabega, isiguse lile kovu. Alikuwa ameliona bila kuambiwa. Kadi ya chanjo aliikunja akaitia kwenye kofia. Nilipanda nao hadi shamba, nikaona banda alilomjengea kwa makuti chini ya mwembe, mbali na mlango wa nyumba, na kifuu chake cha maji.

Kabla sijarudi nikamuuliza, "Babu, sasa ni wa nani?"

"Ni wako. Mimi namlisha."

Na neno lake alilishika. Kila lori la machungwa lililokuja mjini, dereva alikuwa na salamu zangu peke yangu: Madoa mzima, amemkurupusha nguruwe mpaka mtoni, amechomwa tena sindano. Likizo zote nilikwenda. Nililima naye, nikakesha naye wakati wa mahindi, na nikijua namna ya kujitwaharisha jioni kabla ya magharibi, maana babu alinifundisha kwamba kavu kwa kavu haina neno, mate na unyevu ndio wa kuangalia.

Alipozaa, dereva alileta habari mchana, sote tukiwa uani. Nilianza kuhesabu nani shambani Muheza angeweza kuchukua mtoto gani. Mama aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo, kisha akasema, "Mwambieni babu jike mmoja amweke. Kaka yangu Pangani ana mbuzi, na fisi wanamsumbua."